SOMO: Kufanya USB isomeke ndani ya mashine pepe, kwa mfano wa mizani ya korosho

Wakuu, habari za jioni kutoka Mtwara mjini. Somo hili niliwaahidi tangu msimu uliopita wa korosho. Leo umeme upo na wateja wamepungua, naliandika lote kwa mkupuo mmoja.

Chanzo chake ni karani wa chama cha msingi huku njia ya Newala. Laptopu yake ilikufa, akanunuliwa mpya yenye Windows 11. Programu yao ya kupimia ni ya zamani, inakubali Windows 7 tu. Mizani inatoa uzito kwa waya wa siriali, ule wa pini tisa, na waya huo unaingia kwenye laptopu kupitia adapta ya USB yenye chipu ya Prolific. Ukiichomeka kwenye Windows 11, Device Manager inaweka alama ya njano na maneno haya: PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. Karani akajua adapta imeungua. Haijaungua. Draiva mpya za Prolific zimekataa kuhudumia chipu hizo za zamani, basi.

Nikamwambia: tunaweka Windows 7 ndani ya VirtualBox (programu ya kutengenezea mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi), adapta tunaipeleka humo na draiva yake ya zamani. Nikamwahidi nusu saa. Zikaenda siku mbili, na sehemu kubwa ya siku hizo ni ujinga wangu mwenyewe, ndiyo maana naandika.

Kabla ya hatua, tuelewane maneno. Mwenyeji ni mfumo ulio kwenye laptopu halisi. Mgeni ni mfumo ulio ndani ya mashine pepe. Kifaa cha USB hakishikwi na wote wawili kwa wakati mmoja: kikiwa mkononi mwa mwenyeji, mgeni hakioni, kikienda kwa mgeni, kwa mwenyeji kinatoweka kama vile umekichomoa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila tatizo la USB mtakaloniletea hapa chini, nitaanza kwa kuuliza nani amekishika.

HATUA YA 1: Angalia toleo la VirtualBox

Kuanzia 7.0, lililotoka Oktoba 2022, kontrola za USB 2.0 na 3.0 (milango ya USB anayoiona mgeni) zimo ndani ya VirtualBox yenyewe. Ukiwa na 6.1 kurudi nyuma, bila Extension Pack (kifurushi cha nyongeza) unapata USB 1.1 tu, na Extension Pack yenyewe lazima ilingane namba na VirtualBox uliyonayo. Leseni yake ya bure ni ya matumizi binafsi na majaribio, kwa hiyo wenye ofisi msijisahau. Mimi nasema panda toleo jipya, umalize.

Kuna watu wanasambaza kwamba lazima uweke Guest Additions (programu za nyongeza zinazowekwa ndani ya mgeni) ndiyo USB isome. Si kweli. Hizo zinasaidia skrini, kipanya na folda za pamoja. USB haizihitaji.

HATUA YA 2: Wenye Linux kama mwenyeji

Jiingizeni kwenye kundi la vboxusers:

sudo usermod -aG vboxusers $USER

Kisha toka kwenye akaunti na uingie upya, au zima na kuwasha mashine. Kufunga terminali na kuifungua tena hakutoshi. Wa Windows, baada ya kuweka VirtualBox washeni kompyuta upya mara moja ndipo muendelee.

HATUA YA 3: Mzime mgeni kabisa

Nasema kuzima, Shut down. Ukifunga dirisha kwa Save the machine state, mgeni kalala tu, na sehemu ya kuchagua kontrola itabaki ya kijivu, haibonyezeki.

HATUA YA 4: Chagua kontrola inayomfaa mgeni

Hapa ndipo nilipopoteza siku ya kwanza. Nenda Settings, kisha USB, utaona chaguo tatu: 1.1, 2.0 na 3.0. Nikajiambia kubwa ndiyo bora, nikaweka 3.0. Nikawasha Windows 7, nikaipeleka adapta, VirtualBox ikaonyesha imeshikwa. Ndani ya Windows 7, kimya. Nikabadili waya. Nikabadili tundu. Nikashusha draiva tatu tofauti kwa bando langu mwenyewe. Saa kumi na moja jioni ndipo nikaona kwenye Device Manager ya mgeni kuna kitu kinaitwa Universal Serial Bus Controller kina alama ya njano. Kumbe Windows 7 ilitoka 2009 bila draiva ya USB 3.0. Adapta ilikuwa imefika mlangoni, ila mlango wenyewe Windows 7 haiujui.

Kwa hiyo: mgeni akiwa Windows 7, weka 2.0. Akiwa XP, 2.0 inasoma kama ina Service Pack 1 au zaidi, vinginevyo 1.1. Windows 8 kuendelea na Linux za siku hizi, weka 3.0. Kama adapta umeichomeka kwenye tundu la bluu la laptopu (la USB 3.0), usihofu. Kinachochaguliwa hapa ni kontrola ya mgeni, na adapta ya siriali haihitaji mwendo wowote wa maana.

HATUA YA 5: Mpelekee kifaa kwa mkono kwanza

Washa mgeni. Juu ya dirisha lake bofya Devices, kisha USB, tia tiki kwenye jina la kifaa. Sikiliza: mwenyeji atatoa mlio wa kuchomolewa, sekunde chache baadaye mgeni atatoa mlio wa kuchomekwa. Milio miwili ikifuatana, kazi imekwenda. Ukisikia mmoja tu, kifaa kimetoka kwa mwenyeji hakijafika kwa mgeni. Rudi hatua ya 4. Kwenye Device Manager ya mwenyeji, kifaa kilichochukuliwa kinabadilika jina na kuitwa VirtualBox USB. Hilo ni jambo jema, msilifute.

HATUA YA 6: Draiva ndani ya mgeni

Draiva ya kifaa inawekwa kwa mgeni. Kwa mwenyeji haina kazi tena. Kwa adapta ya siriali, angalia imepewa COM namba ngapi (COM ni jina la tundu la siriali kwenye Windows). Mimi nilipewa COM3 wakati programu ya mizani inaijua COM1 peke yake. Unabofya kifaa mara mbili, Port Settings, Advanced, unabadili namba.

Kabla ya kufungua programu ya ofisi, jaribu kwa PuTTY, programu ndogo inayoonyesha kinachopita kwenye waya: chagua Serial, andika COM1, mwendo 9600. Kijana wa ghalani akapanda juu ya mizani tujaribu. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, mbele ina US, namba zinarukaruka. Nikamwambia tulia. Akatulia, US ikageuka ST na namba ikaganda 63.5 kg. US ni uzito bado unayumba, ST umetulia. Karani akacheka, akasema kumbe mizani ilikuwa inaongea siku zote.

HATUA YA 7: Kichujio, ili usitie tiki kila asubuhi

Rudi Settings, USB. Kulia kuna alama ya kujumlisha; ibofye uchague kifaa kutoka kwenye orodha. Hicho ndicho kichujio: kifaa kinachofanana nacho kinakwenda kwa mgeni chenyewe. VirtualBox inajaza sehemu zote: Vendor ID (namba ya mtengenezaji), Product ID (namba ya aina ya kifaa), Revision, jina la mtengenezaji, namba ya siriali. Futa zote ubakize Vendor ID na Product ID. Ya kwetu ilikuwa 067b na 2303. Ukiacha Revision na namba ya siriali, siku wakibadilisha adapta kwa nyingine ya aina ileile, kichujio hakitaitambua na utapigiwa simu Jumapili.

Onyo kubwa: kuna alama nyingine inayoongeza kichujio kitupu. Kitupu maana yake kamata chochote. Niliiongeza nikiwa na haraka, nikawasha mgeni, kipanya cha USB kikahamia kwa mgeni na kibodi ya nje nayo ikafuata. Bahati laptopu ina kibodi yake. Ingekuwa kompyuta ya mezani ningebaki naitazama.

Mwisho kabisa, Windows 7 haipati marekebisho ya usalama tangu 14 Januari 2020. Mkiimaliza kuiweka, nendeni Settings, Network, mwondoe tiki ya Enable Network Adapter. Mizani haihitaji intaneti.

Maswali karibuni.

———

MDAU WA NACHINGWEA: Shikamoo fundi. Natumia Ubuntu. Nimeandika amri ya vboxusers kama ulivyosema lakini orodha ya USB ni tupu kabisa, hata flashi haionekani.

FUNDI: Marahaba. Andika neno groups kwenye terminali, unipe jibu lake.

MDAU WA NACHINGWEA: Inaleta jina langu, adm, cdrom, sudo, dip, plugdev. vboxusers haipo.

FUNDI: Basi hujatoka kwenye akaunti. Kufunika laptopu si kutoka. Izime, iwashe, kisha andika groups tena.

MDAU WA NACHINGWEA: Imekubali. Kweli nilikuwa naifunika tu.

MDAU WA LINDI MJINI: Asante kwa somo. Mimi flashi inasoma kwa mgeni, lakini nikiirudisha kwa mwenyeji mafaili mengine hayafunguki. Jana imekula mitihani ya majaribio ya darasa zima, na nilikuwa sijaitoa nakala.

FUNDI: Pole sana mwalimu. Ukiondoa tiki kwenye Devices ni sawa na kuichomoa flashi katikati ya kuandika. Ndani ya mgeni bofya Safely Remove kwanza, subiri ruhusa, ndipo uondoe tiki. Ila kwa mafaili usihangaike na USB kabisa. Tumia Shared Folders. Hapo ndipo Guest Additions zina kazi. Flashi inabaki kwa mwenyeji, folda inaonekana pande zote mbili. Na hiyo flashi usiandike kitu kingine juu yake kwa sasa, jaribu programu ya kurejesha mafaili kwanza.

MDAU WA NEWALA: Mkuu, modemu yangu ya Huawei nikiitia tiki inaonekana kama CD, baada ya sekunde mbili inapotea. Nikitia tena, vilevile.

FUNDI: Swali zuri hili. Modemu hizo zinajigeuza. Ukizichomeka zinajitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya kusakinisha, halafu zinapokea amri na kuwa modemu, na Product ID inabadilika. Tiki yako imekamata ile sura ya kwanza. Ikijigeuza, kwa VirtualBox ni kifaa kipya, kinarudi kwa mwenyeji. Dawa yake ni kichujio chenye Vendor ID 12d1 peke yake, Product ID uiache wazi, kikamate sura zote mbili. Lakini nami nikuulize: modemu ndani ya mgeni ya nini? Ukiiacha kwa mwenyeji na mtandao wa mgeni ukauweka NAT (mgeni anapitia mtandao wa mwenyeji), mgeni anapata intaneti bila shida yoyote.

MDAU WA NEWALA: Nataka kusoma SMS za kwenye laini kwa programu ya zamani.

FUNDI: Hapo una haki. Weka kichujio.

MDAU WA KILWA MASOKO: Kamera ya laptopu kwa mgeni inatoa picha nyeusi. Nimeipeleka kwa USB, tiki ipo.

MDAU WA MASASI: Badili iwe USB 3.0 mkuu, mimi ilikubali.

FUNDI: Inaweza kukubali, ila kwa kamera kuna njia yake. Ondoa tiki kwenye USB, nenda Devices, Webcams, uichague pale. Hiyo bado inadai Extension Pack, hata kwenye toleo la 7.

MDAU WA TANDAHIMBA: Sisi tunatumia Hyper-V, ile ya mashine pepe ya Microsoft. Hatua ni zilezile?

FUNDI: Hapana. Hyper-V haina njia ya moja kwa moja ya kumpa mgeni kifaa cha USB namna hii. Kwenye VMware, programu nyingine ya mashine pepe, ipo: VM kisha Removable Devices. Kwa kazi ya adapta mimi ningehamia VirtualBox au VMware.

MDAU WA MASASI: Fundi, na adapta ambayo Windows 11 inaisoma vizuri? Lazima niipitishe USB?

FUNDI: Si lazima, na nimefurahi umeuliza. Kama mwenyeji ameshaipa COM namba, acha USB. Mzime mgeni, nenda Settings, Serial Ports, washa Port 1, Port Mode weka Host Device, kwenye Path andika COM3 au namba uliyonayo. Mgeni ataiona kama COM1 ya kawaida na hahitaji draiva ya adapta. Kwa mwenyeji wa Linux, Path ni /dev/ttyUSB0 na wewe uwe kwenye kundi la dialout. Mizani ya kwetu haikuweza njia hii kwa sababu Windows 11 iliikataa chipu yenyewe.

MDAU WA MASASI: Nimejaribu sasa hivi hapa ghalani. Imesoma, lakini inaleta alama za ajabu, kama herufi za Kichina.

FUNDI: Mwendo haulingani. Angalia kwenye menyu ya mizani yenyewe imewekwa ngapi.

MDAU WA MASASI: 4800. Nimebadilisha kwenye programu. Gunia la kwanza 80.2, ST.