Mifupa dhaifu ya mtoto tumboni: namna ya kuitambua kwenye altrasaundi

Nawaandikia wenzangu mnaopiga altrasaundi kwenye kliniki ndogo za Likoni, Kisauni na Changamwe. Osteojenesisi imperfekta (ugonjwa wa jeni unaofanya mifupa ivunjike kirahisi) iliyo kali, hasa aina ya pili, huweza kuonekana tangu wiki ya 14, ila skani ya wiki 18 hadi 22 ndiyo ya kutegemea.

Kwanza, hakikisha umri wa mimba. Tarehe ikikosewa, kila mfupa utaonekana mfupi.

Pili, pima mifupa ya mapaja yote mawili, kisha itazame. Urefu pekee hautoshi. Mfupa uliovunjika na kuunga mara nyingi hupinda na kujikunja kama bati lililogongwa. Gawanya urefu wa paja kwa mzingo wa tumbo: chini ya 0.16, hofia maisha ya mtoto.

Tatu ni fuvu, na hapa tafadhali usiwe na haraka. Kwa kawaida fuvu huzuia mawimbi, kwa hiyo upande wa ubongo ulio karibu na probu (kifaa unachopitisha tumboni) huonekana kwa ukungu. Ukiuona wazi sawasawa na ule wa mbali, fuvu lina upungufu wa madini. Bonyeza taratibu: fuvu laini litabonyea, na ukiachilia litarudi.

Nne, mbavu zenye vinundu na kifua chembamba. Kifua ndicho kinachoua, maana mapafu hukosa nafasi ya kukua.

Tano, usilitaje jina la ugonjwa kwa picha pekee. Hipofosfatasia, ugonjwa mwingine wa jeni unaoinyima mifupa madini, nayo hulainisha fuvu. Andika rufaa kwa daktari bingwa, hospitali ya rufaa ya Coast General, Mombasa, kwa mfano. Uthibitisho hutokana na DNA, kwa kawaida jeni za COL1A1 na COL1A2 (zinazotengeneza kolajeni, protini ya mifupa), na maji ya uzazi ya kupimwa DNA huchukuliwa kuanzia wiki ya 15.

Usimweleze mama angali amelala na jeli tumboni. Mpanguse, aketi, aitwe aliyekuja naye. Mimi husema: "Mamangu, mifupa ya mtoto haijakaa nilivyotarajia, nataka daktari bingwa aitazame." Mwambie wazi kwamba si mzigo aliobeba wala kuanguka. Mara nyingi ni badiliko jipya la jeni, ila laweza kujirudia hata wazazi wakiwa wazima, kwa hiyo mimba ijayo ipigwe skani mapema.

Kwenye barua ya rufaa ongeza neno kwa mkunga. Kujifungua kwa upasuaji hakujaonekana kupunguza kuvunjika kwa mifupa. Kinachosaidia ni mikono: mtoto asivutwe miguu wala kunyanyuliwa kwa makwapa, abebwe kwa viganja vilivyotandazwa chini ya kichwa na makalio.