Kabla Hujapeleka Zeolaiti Yako Kwenye NMR

Kwanza ujue unauliza nini. Zeolaiti ni fuwele za silikoni, alumini na oksijeni, zenye vitundu ambavyo molekuli ndogo tu ndizo hupenya. Eksirei itakuonyesha jengo lilivyopangwa, lakini silikoni na alumini haizitofautishi kirahisi, maana zinatawanya miale karibu sawa. NMR ya vitu vigumu, yaani kipimo kinachosikiliza viini vya atomi ndani ya sumaku kali, inaifuata silikoni yenyewe na kuiuliza: kati ya majirani zako wanne, wangapi ni alumini? Kila jibu, kuanzia sifuri hadi wanne, lina mahali pake kwenye spektra, ule mchoro wa vilele unaotoka mashineni, takriban kati ya −80 na −115 kwenye mizani yake ya ppm. Kama swali lako si hilo, wala si la alumini iliyotoka kwenye jengo, okoa pesa zako.

Saga unga uwe laini, kwa kinu cha akiki. Cha chuma weka mbali kabisa. Ujaze rota, kimrija cha kubebea unga, sawasawa, usishindilie upande mmoja: kile cha milimita 4 huzungushwa mara 10,000 na zaidi kwa sekunde, kikiwa kimeinamishwa nyuzi 54.7, na kikiyumba huweza kuvunjika. Simu, saa na kadi ya benki ziache nje. Mwenye betri ya moyo asiingie chumba cha sumaku hata kwa kuchungulia.

Omba muda wa kutosha. Katika kila atomi 100 za silikoni, zinazosikika hazifiki 5, tena kila pigo linataka kusubiriwa hadi viini vitulie. Ukiharakisha, vilele vinavyotulia polepole vitaonekana vifupi kuliko haki yake, na hesabu ya silikoni kwa alumini utakayoitoa hapo ni ya uongo.

Sasa chuma. Hapa ndipo nilipopoteza miezi sita, kwa hiyo nisikilize.

Nilitaka kutengeneza zeolaiti A kwa udongo wa kwetu, ya kulainisha maji ya visima. Nikaenda mdomoni mwa Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, nikarudi na magunia mawili ya mfinyanzi. Shangazi yangu aliuona uani akasema, “Mwanangu, huu si ule unaogeuza bahari nyekundu masika? Kanzu ikiingia humo haitakati tena.” Nikacheka. Nikauchoma karibu nyuzi 700, nikaupika na kostiki soda, eksirei ikathibitisha fuwele zipo. Nikatuma chupa nje ya nchi kupimwa.

Zeolaiti A ina silikoni na alumini sawa kwa sawa, kila silikoni imezungukwa na alumini nne, kwa hiyo nilitarajia kilele kimoja chembamba karibu na −89 ppm. Kilichorudi kilikuwa kilima kipana, na kulia na kushoto kwake msururu wa vilele vya pembeni vilivyozaliwa na kule kuzunguka. Aliyepima aliandika sentensi moja: “Udongo wako una chuma?” Nikachukua sumaku ndogo, nikaifunga kwa nailoni, nikaipitisha kwenye unga uliobaki. Ilitoka na ndevu nyeusi.

Chuma kina elektroni zisizo na mwenza, na usumaku wake unavuruga sauti ya viini vilivyo karibu. Basi pitisha sumaku kabla hujachoma udongo, tena na tena, mpaka nailoni itoke safi. Kutu iliyoganda juu ya chembe inaoshwa kwa kemikali za dithionaiti na sitrati. Lakini chuma kilichoingia ndani ya fuwele za udongo hakioshwi. Ukikikuta, tafuta udongo mweupe wa kaolini, hata kama ni wa kununua. Mimi nilinunua, na kilele kikatoka kimoja.

Unyevu wa pwani nao una pande mbili. Ukipima alumini, acha unga ulale kwenye hewa yenye unyevu: alumini ikikaushwa sana, mistari yake hupanuka hadi nyingine isionekane. Iliyo ndani ya jengo utaiona karibu na 60 ppm, iliyotoka karibu na 0. Ukipima haidrojeni zinazoipa zeolaiti asidi yake ni kinyume chake: kausha kwa joto chini ya ombwe, uzibe rota humo humo, maana hewa yetu ikigusa unga mkavu utapima maji tu.

Usisome spektra kwa mizani ya namba peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hicho hicho kilele cha zeolaiti A kilisomwa na wataalamu kuwa cha majirani watatu wa alumini, kwa sababu kiliangukia eneo la watatu, hadi kilipolinganishwa na zeolaiti za ukoo wake. Kwa hiyo peleka chupa mbili: yako, na ya zeolaiti inayojulikana, zipimwe siku moja. Uzibandike majina yasiyofutika kwa jasho la mkono, na ubaki na unga nyumbani, kwa sababu chupa hupotea njiani, na muda wa mashine hausubiri upike upya.