Kubadili ujazo: lita na galoni za Marekani

Namba ya kushika ni moja: galoni 1 ya Marekani ni lita 3.785411784 kamili. Haikukadiriwa. Kisheria galoni hiyo ni inchi za ujazo 231, na inchi ni sentimita 2.54 kamili. Kwa kazi za kawaida, 3.785 inatosha.

Ukitoka galoni kwenda lita, zidisha. Ukitoka lita kwenda galoni, gawanya. Tangi la galoni 15: 15 × 3.785 = lita 56.8. Ndoo ya lita 20: 20 ÷ 3.785 = galoni 5.28. Kabla ya kuliamini jibu, litazame: lita lazima zikaribie mara nne ya galoni. Ukiona kinyume, umezidisha palipotakiwa kugawanya.

Vipimo vidogo hutokana na galoni hiyo hiyo. Galoni ina kwoti 4, kwoti painti 2, painti vikombe 2, kikombe aunsi 8 za ujazo, aunsi vijiko vikubwa 2, na kijiko kikubwa vijiko 3 vya chai. Kwa mililita: kwoti 946.4, painti 473.2, kikombe 236.6, aunsi 29.57, kijiko kikubwa 14.79, kijiko cha chai 4.93.

Wengi huichukulia aunsi kuwa mililita 30. Kwa kikombe kimoja kosa ni mililita 3.4, halina madhara. Lakini galoni ina aunsi 128, na hapo jibu linapita kiasi halisi kwa mililita 55 hivi. Kamilisha hesabu yote kwanza, desimali zikatwe mwishoni.

Kosa baya zaidi ni kuchanganya galoni mbili. Ya Uingereza ni lita 4.54609, yaani kubwa kwa asilimia 20 hivi. Painti yao ni mililita 568, ingawa aunsi yao ni ndogo kidogo, 28.41, kwa sababu painti ya Uingereza ina aunsi 20, ya Marekani 16. Jua kwanza kipimo kimetoka wapi.

Halafu kuna aunsi ya uzito, gramu 28.35, ambayo haina uhusiano na ujazo. Aunsi 8 za asali kwa uzito ni gramu 227, na asali hiyo hujaza takriban mililita 160 tu, haifiki kikombe. Kwenye lebo tafuta herufi fl oz, yaani aunsi ya ujazo. Zikikosekana na imeandikwa oz tupu, kwa kawaida ni uzito.

Kwa futi za ujazo, zidisha kwa 28.317 upate lita. Sanduku la futi 2 × 2 × 3 ni futi za ujazo 12, sawa na lita 339.8. Anayezidisha 12 kwa 0.3048, yaani futi moja kwa mita, amebadili urefu wa upande mmoja tu. Namba hiyo hutumika mara tatu, mara moja kwa kila upande, na jibu huwa mita za ujazo.

Unapopima, weka chombo mahali tambarare, shusha jicho lilingane na maji, usome sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo wa uso wa maji. Dawa ya maji ipimwe kwa mililita kwa bomba lake la kupimia, kamwe isipimwe kwa kijiko cha jikoni, kwa sababu vijiko hivyo havilingani.