Kabla hujampa kairopraktiki mgongo wako

Uwe Minneapolis, Marekani, au Leicester, Uingereza, tangazo hili la kairopraktiki, yaani mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, umeshakutana nalo: uchunguzi wa kwanza bure, maumivu ya viungo yaishe bila dawa. Kwa mtu anayegeuza wazee kitandani zamu ya usiku, au anayepanga maboksi kwenye ghala, maneno hayo ni matamu. Isitoshe, mikono inayoujua mwili si kitu kigeni kwetu. Mkandaji na mafuta yake tumekua naye. Ndiyo maana wengi wetu hulipa kwanza, kisha ndipo wanauliza kairopraktiki anatibu nini hasa.

Tiba hii ilianzia Davenport, Iowa, mwaka 1895, kwa mtu aitwaye Daniel David Palmer, aliyeamini kwamba magonjwa mengi yanatokana na pingili za uti wa mgongo kukaa vibaya. Siku hizi wataalamu wake wengi hushughulikia zaidi mgongo, shingo na viungo. Utalazwa kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu la uso, mtaalamu atapapasa pingili moja baada ya nyingine, kisha atasukuma ghafla kwa kiganja. Ule mlio utakaousikia ni sawa na wa kualisha vidole, yaani gesi ndani ya ute wa kiungo. Hakuna mfupa uliorudishwa mahali pake, na mlio mkubwa haumaanishi tiba kubwa.

Je, inasaidia? Kwa maumivu ya mgongo wa chini, kiasi, ndiyo. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja mwaka 2017 miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya vidonge, na NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, inaikubali iwapo tu inaambatana na mazoezi. Goti au nyonga iliyolika ni habari nyingine. Mwongozo wa NICE wa 2022 unatanguliza mazoezi na kupunguza uzito. Kukandwa na kunyooshwa ni nyongeza tu. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, likishalika, hakuna msukumo wa mkono utakaolirudisha.

Kwa hiyo anza na kujua unaumwa nini. Viungo vilivyolika huuma ukivitumia, na ugumu wa asubuhi huachia kabla ya nusu saa. Ukiamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba, huwezi hata kufunga vifungo vya shati, na hali hiyo inaendelea saa nzima au zaidi, huenda ni rumatoidi, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Huyo si mgonjwa wa kairopraktiki. Anahitaji daktari bingwa na dawa kama methotreksati mapema, kwa sababu kila mwezi unaopotea kiungo kinazidi kuliwa. Rumatoidi pia inaweza kulegeza kano za juu ya shingo, na shingo hiyo ikizungushwa kwa nguvu uti wa mgongo unaweza kubanwa. Chama cha mabingwa wa magonjwa ya viungo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinashauri wagonjwa wa rumatoidi wasitumie kairopraktiki. Na kidole gumba cha mguu kikiwaka moto usiku hata shuka huwezi kuivumilia, fikiria jongo. Omba kupimwa asidi ya yuriki kwenye damu.

Yapo pia mambo ambayo daktari wa huku anaweza asiyafikirie haraka, kwa hiyo mtajie wewe. Kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo. Ile picha uliyopigwa kwa ajili ya viza ya Uingereza ilikuwa ya kifua. Haikusema lolote kuhusu mgongo wako. Maumivu ya mgongo yasiyoisha, yanayokuja na jasho la usiku, homa au kukonda, yapelekwe hospitali, wala mtu asiuguse mgongo huo. Mwenye selimundu anayeumwa nyonga naye apigwe picha kwanza, maana mfupa unaweza kuwa unakufa kwa kukosa damu. Halafu kuna vitamini D. Ngozi nyeusi kwenye nchi zenye jua hafifu huitengeneza kidogo, na upungufu mkubwa huleta maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli ambao watu huuita uchovu wa kazi. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kutumia mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Ni nafuu kuliko kitanda cha mtu yeyote.

Ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila hiari, au miguu kuishiwa nguvu, nenda dharura siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kiungo kimoja kikivimba ghafla na una homa. Mimi shingo yangu simpi mtu aizungushe. Ni nadra, lakini mshipa wa damu wa shingoni ukichanika huleta kiharusi.

Sasa pesa. Shaka iingie pale unapowekewa mbele kifurushi cha miezi kadhaa, mara tatu kwa wiki, ulipe chote leo upate punguzo. Ukionyeshwa picha ya pingili zilizochakaa, tulia. Watu wazima wasioumwa popote nao picha zao huonyesha uchakavu. Mtaalamu wa maana atakufundisha mazoezi, atakupima tena baada ya wiki chache, na usipopata nafuu atakwambia uende kwingine. Marekani, Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, hulipia kunyooshwa uti wa mgongo tu, si picha alizoagiza kairopraktiki wala masaji. Kama uliumia kazini, mwandikie msimamizi kabla hujalipa senti yako, kwa sababu bima ya waajiri ndiyo inayohusika. Uingereza, NHS hulipia mara chache sana, na jina la kairopraktiki lazima liwe kwenye daftari la General Chiropractic Council, baraza linalowasajili. Asiyesajiliwa kujiita kairopraktiki ni kosa la jinai. Sehemu nyingi za England unaweza kujiandikisha mwenyewe kwa fiziotherapia ya NHS bila kumpitia daktari, na bila malipo. Ontario, Kanada, mpango wa afya wa serikali uliacha kulipia kairopraktiki mwaka 2004.

Mzazi aliyekuja kutembea ni wa kuangaliwa zaidi. Mama wa miaka sabini huenda ana mifupa iliyopungua uzito, au anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na asubuhi anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, aliyobeba kwenye begi bila kumwambia mtu. England, kumwona GP, yaani daktari wa familia, ni bure hata kwa mgeni, ila bingwa wa hospitali kwa kawaida hulipiwa. Mfungulie begi hilo, andika kila kidonge na kipimo chake kwenye karatasi, mwende nayo. Kama Kiingereza kinampa shida, mwombeni mkalimani wakati wa kuweka miadi. NHS haitozi chochote kwa huduma hiyo, na mama anaweza kumweleza mkalimani mambo ya mkojo na sehemu za siri ambayo kamwe hatayasema mbele ya mkwe wake.