Somo: Kuipanga ofisi ya miradi ifuate mahitaji ya kampuni

Wakuu, ofisi nyingi za usimamizi wa miradi huanza na fomu. Mtu anateuliwa, anapakua violezo, na muda si mrefu mameneja wanajaza kurasa zisizo na msomaji. Anza kwingine: ni uamuzi gani unaokwama?

Hatua ya 1. Kaa na mkurugenzi, mkuu wa fedha na wakuu wa idara, mmoja mmoja. Ukiwauliza wanataka nini, utapewa orodha ya ndoto. Uliza hivi: "Ni uamuzi gani wa miradi ulichelewa robo iliyopita, na ulikosa taarifa gani?" Mmoja atasema hajui ni miradi mingapi inaendelea. Mwingine atalalamika kwamba watu wake wanagombaniwa. Hizo ni shida mbili tofauti.

Hatua ya 2. Weka miradi yote kwenye jedwali moja: mwenye mradi, bajeti, watu, tarehe, na lengo la kampuni unalolihudumia. Excel inatosha. Safu ya lengo ndiyo yenye moto. Ikiwa tupu, au imeandikwa "kuboresha ufanisi", mrudishie mwenye mradi. Usimjazie.

Hatua ya 3. Chagua aina ya ofisi. Taasisi ya PMI (Project Management Institute, chama cha kimataifa cha wasimamizi wa miradi) hutaja tatu: ya kusaidia (violezo, mafunzo, ushauri), ya kudhibiti (inakagua kama utaratibu unafuatwa), na ya kuelekeza (inasimamia miradi yenyewe). Penye mameneja wazoefu, ya kuelekeza huzua ugomvi. Penye miradi inayoanzishwa kiholela, ya kusaidia haina meno.

Hatua ya 4. Ripoti iwe ukurasa mmoja, na iombe uamuzi. Mfano (kijani ni mradi unaokwenda vizuri, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni ulio hatarini): "Mradi wa malipo ni mwekundu. Mhandisi wa data anahitajika hapa na kwenye mradi wa ghala wiki hiyohiyo. Kamati iamue nani atangulie." Ukiandika "kuna changamoto ya rasilimali watu", wajumbe watatikisa vichwa na kwenda chai.

Hatua ya 5. Mkakati ukibadilika, rudia hatua ya 1. Fomu isiyotumika ifutwe.

Maswali ya wadau

*Mkuu, sisi tuna miradi sita tu. Ofisi ya nini?*
Pengine hamhitaji idara. Mtu mmoja mwenye lile jedwali na kiti kwenye kikao cha uongozi anatosha.

*Kwetu kila mradi ni wa kijani mpaka wiki ya mwisho, halafu ghafla mwekundu.*
Wekeni vigezo vya rangi mapema. Mathalani, kuzidi bajeti kwa asilimia 10 ni njano, meneja apende asipende. Halafu tazameni anayeleta nyekundu anapokelewaje. Akikaripiwa kikaoni, wenzake watazidi kuficha.

*Mradi wa bosi mwenyewe hauna lengo. Nifanyeje?*
Uingize kwenye jedwali kama mingine, safu ya lengo ikiwa tupu. Usibishane naye, mwoneshe ni watu gani mradi wake unawachukua na miradi ipi inawasubiri haohao. Akisema uendelee, ni mamlaka yake. Andika uamuzi huo na tarehe.