Kuunda kichwa cha treni cha mfano kwa shaba: mwongozo wa kazi ya kwanza

Anayeishi Dodoma huona reli za aina mbili katika mji mmoja: reli ya zamani yenye upana wa milimita 1,000, ambayo ujenzi wake ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na reli ya kisasa ya milimita 1,435, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika hapa mwaka 2024. Nalitaja hilo mapema kwa sababu uamuzi wa kwanza wa muundaji ni upana wa reli. Katika kipimo cha 1:87, yaani mfano ukiwa mdogo mara 87 kuliko kitu halisi, reli ya zamani huwa na upana wa milimita 11.5, nayo hutengenezwa kwa milimita 12, wakati ile ya kisasa huwa na milimita 16.5. Wengi wetu hutamani kuanza na Garratt, vile vichwa virefu vya mvuke vilivyovuta mizigo Afrika Mashariki, lakini Garratt ina seti mbili za magurudumu ya kuendeshea, na kila seti ina taabu zake. Iache kwa kazi ya tatu au ya nne. Chagua kichwa kidogo cha Kiingereza chenye magurudumu sita tu, yote yakiwa ya kuendeshea, kinachobeba maji na makaa yake chenyewe. Vifurushi vingi vya namna hiyo, yaani visanduku vya vipande unavyoviunga mwenyewe, hutoka Uingereza kwa kipimo cha 1:76 na hutembea juu ya reli ya milimita 16.5. Kabla ya kulipa, hakikisha kama magurudumu, mota na gia vimo, kwa kuwa mara nyingi huuzwa kando.

Ndani ya kisanduku utakuta mabati membamba ya shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ambamo vipande vimechongwa kwa asidi na kuachwa vikishikiliwa na vishikizo vidogo. Usivikate vyote siku ya kwanza. Kata kile unachokihitaji wakati huo, sawazisha kingo zake kwa tupa laini, kisha kiunge, kwa maana vipande vidogo vilivyotolewa mapema hupotea, na vinavyofanana huchanganyika.

Zana si nyingi: tupa, kibano, koleo lenye ncha nyembamba, jiliwa dogo, kifaa cha kupanulia matundu, na kipande cha kioo kinene cha dirisha ambacho kitakuwa meza yako ya kupimia unyoofu. Chuma cha kulehemu kinahitaji kufikiriwa zaidi. Kile cha wati 25 ambacho mafundi redio hukitumia hakitoshi, kwa sababu shaba husambaza joto haraka, na chuma dhaifu hulazimika kushikiliwa muda mrefu mpaka viungo vya jirani navyo vinayeyuka. Tafuta cha wati 50 au 60. Joto jingi kwa sekunde chache ni salama kuliko joto dogo kwa dakika nzima.

Safisha sehemu mbili zitakazoungana mpaka zing'ae, zipake dawa ya majimaji ya kulehemia yenye asidi ya fosfori, chukua risasi kidogo kwenye ncha ya chuma, kisha gusa mshono. Risasi ya kawaida ya kulehemia ya 60/40, yaani sehemu 60 za stani kwa 40 za risasi, huyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190 za Selsiasi, na joto likitosha utaiona ikikimbilia ndani ya mshono yenyewe. Ikijikusanya kama tone juu ya shaba, ama pana uchafu, ama joto halijatosha, na kuongeza risasi hakutasaidia. Fungua madirisha, usile mezani pa kazi, na unawe mikono kwa sabuni, kwani risasi ni sumu.

Anza na fremu ya chini, wala usiguse bodi, yaani umbo la juu la kichwa, mpaka fremu hiyo itembee. Panua matundu ya ekseli taratibu mpaka beringi ziingie bila kulegea. Shikiza vipande vya katikati, vinavyounganisha pande mbili za fremu, kwa nukta moja moja ya risasi, pitisha vyuma vilivyonyooka katika matundu ya ekseli, na usimamishe kazi juu ya kioo. Itazame kutoka mbele, kutoka nyuma na kutoka juu: vyuma vyote viwe sambamba, na fremu isitikisike. Katika kazi yangu ya kwanza nililehemu mishono yote kabla ya kupima, nikapata fremu iliyosimama juu ya magurudumu matano huku la sita likielea, na ilinichukua jioni mbili kuifungua. Uzuri wa shaba ni kwamba kiungo kilichokosewa hufunguka kwa joto lilelile lililokifunga, kwa hiyo usikubali kuendelea na fremu iliyopinda.

Sasa funga magurudumu na fimbo zinazoyaunganisha. Pini za magurudumu zinazoshika fimbo hizo, zile za upande mmoja zitangulie zile za upande wa pili kwa nyuzi 90, yaani robo ya mzunguko, na ekseli zote tatu zilingane katika hilo. Funga fimbo za upande mmoja, sukuma fremu kwa kidole juu ya kioo, kisha funga za upande wa pili na usukume tena. Ikikwama, tafuta tundu linalobana na ulipanue kidogo mno, ukijaribu kila baada ya mzunguko mmoja wa kifaa. Mota haiponyi fremu inayokwama. Fremu ikishateleza bila kusukumwa kwa nguvu ndipo uweke gia na mota ya volti 12, ukaizungushe nusu saa mbele na nusu saa nyuma.

Bodi ni kazi nyepesi zaidi. Kunja bati pale lilipochongwa mfereji, mfereji ukibaki upande wa ndani wa kona, kisha imarisha kona hiyo kwa risasi. Sakafu itangulie, halafu chumba cha dereva, halafu boila. Dohani na vipande vingine vya madini meupe, yaani metali laini inayoyeyuka kwa joto dogo, vinaweza kuyeyuka chini ya chuma chenye moto mkali, kwa hiyo pakaza kwanza risasi ya kawaida kwenye shaba, punguza joto, na uviunge kwa risasi inayoyeyuka kwa nyuzi 70 za Selsiasi.

Kila jioni osha kazi kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki, la sivyo dawa ya kulehemia itaota kutu ya kijani. Maji ya visima vya Mzakwe, vinavyoulisha mji wetu, yana chumvi na huacha madoa meupe, hivyo suuza mwishoni kwa maji ya mvua uliyoyakinga. Kupaka rangi wakati wa kiangazi hapa kwetu kunahitaji saa za alfajiri, kabla upepo haujainua vumbi, ndani ya chumba ambacho sakafu yake imenyunyiziwa maji. Tanguliza rangi ya msingi inayoshika chuma, uifunike kazi kwa sanduku safi, na uiache usiku kucha kabla ya kupaka rangi ya juu.