Kabla hujahamia kitochi
Kama umeamua kuachana na simu janja, usikimbilie kuhamisha laini. Anza na majina. Mengi yamehifadhiwa kwenye akaunti ya Google, si kwenye laini, kwa hiyo ukiichomeka kwenye kitochi unakuta orodha tupu. Mimi nilikaa siku mbili napokea simu kwa "samahani, nani mwenzangu?" hadi shangazi akanuna. Nakili majina kwenye laini kwanza. Laini nyingi hubeba kama 250 tu, hivyo chuja. Fundi sofa wa 2016 abaki huko huko.

Halafu akaunti ya WhatsApp ifute kabisa, usiondoe programu tu. Ukiiondoa tu, jina lako linabaki kwenye magrupu, na watu wanaendelea kukutumia taarifa za misiba na vikao wakidhani utaziona.

Pesa isikutie hofu. M-Pesa kwa *150*00# inakwenda vilevile, na tokeni za umeme wa LUKU huja kwa meseji.

Ah, na laini ya simu janja ni ndogo kwa tundu la vitochi vingi. Kile kiplastiki ulikoibandua usikitupe; utairudisha humo ili ienee.